Zege lilikauka, mabasi hayakuja: Somo la Mbagala kwa miradi ya barabara

Kwa zaidi ya miaka miwili, mkazi wa Mbagala anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini mjini alikuwa na kioja cha kutazama kila siku. Kando yake daladala zimejaa mpaka mlangoni, konda ananing'inia, na foleni ya kwa Aziz Ally haisogei. Katikati ya barabara hiyohiyo ya Kilwa kuna njia pana ya zege, imekamilika, vituo vimeezekwa, alama zimechorwa. Na hakuna basi.

Mara mojamoja bodaboda ilijipenyeza na kukata mbuga. Abiria aliyebanwa dirishani kwenye daladala aliiangalia tu ikipotea kuelekea Mtoni.

Njia hiyo ni awamu ya pili ya mradi wa Mabasi Yaendayo Haraka jijini Dar es Salaam, yale ambayo kila mtu anayaita mwendokasi. Ina urefu wa kilomita 20.3 na imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB). Ujenzi ulianza mwaka 2019, na kufikia 2023 sehemu kubwa ilikuwa tayari. Mabasi yalianza kubeba abiria wa Mbagala Oktoba 2025.

Kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, kuna swali linalotakiwa kujibiwa kwanza. Inawezekanaje nchi ikopeshwe fedha, mkandarasi apatikane, zege limwagwe, halafu kitu pekee ambacho mwananchi alikuwa anakisubiri, yaani basi lenyewe, kikawa cha mwisho kufikiriwa?

Mifuko miwili tofauti

Jibu fupi ni kwamba barabara na basi havilipiwi na mfuko mmoja.

Barabara ni mradi wa Serikali. Una mkopo wenye masharti nafuu, una mkandarasi, mhandisi mshauri, ratiba, na benki inayokuja kukagua kila baada ya miezi kadhaa. Kazi ikichelewa, mkopeshaji anauliza. Fedha zisipotumika, nchi inalipa gharama ya kuzishikilia. Kwa hiyo kuna mtu ambaye lazima aibebe presha hiyo.

Basi halina presha ya namna hiyo. Mpango wa tangu mwanzo ulikuwa kwamba mabasi yaletwe na mtoa huduma, ikiwezekana sekta binafsi, atakayekopa mwenyewe, anunue, aendeshe na arudishe fedha zake kupitia nauli. Wakala wa DART, ulioanzishwa mwaka 2007, wenyewe kazi yake ni kusimamia. Kwa maneno mengine, Serikali inajenga jukwaa, halafu inamsubiri mwanamuziki aje na spika zake.

Na mwanamuziki akipiga hesabu anasita.

Chukua hesabu ya kawaida kabisa. Basi refu lenye maungio likitoka Kimara asubuhi na abiria 150, kwa nauli ya Sh650 iliyotangazwa mwaka 2016, linakusanya Sh97,500 kwa safari hiyo. Si haba. Lakini basi hilo linatakiwa kurudi Kimara kufuata wengine, na saa moja asubuhi nani anatoka mjini kwenda Kimara? Linarudi karibu tupu. Mafuta yanaungua vilevile, dereva analipwa vilevile, matairi yanalika vilevile. Saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri abiria wanapungua, kisha jioni nyomi inageuka upande wa pili.

Mwendeshaji anayeishi kwa nauli peke yake ana njia moja tu ya kupona: apunguze mabasi muda wa mchana, na asubuhi ayajaze mpaka watu washindwe kupumua. Abiria wanauita ukatili, yeye anauita biashara.

Halafu kuna dola. Mabasi yanaagizwa nje, na vipuri pia. Mwaka 2016, mwendokasi ilipoanza, dola moja ilikuwa takriban Sh2,200. Mwaka 2024 ilipita Sh2,600. Abiria hulipa kwa shilingi, nauli hupangwa na mamlaka na haipandi kila dola inapopanda. Pengo hilo linaishia gereji: basi linaloharibika leo linasubiri kipuri, kesho linachomolewa taa ili kulitengeneza jingine, na baada ya miezi sita limekuwa chuma chakavu kilichoegeshwa.

Kimara ilionya mapema

Haya yote yalionekana kwenye awamu ya kwanza, njia ya kilomita 20.9 inayotoka Kimara kwenda Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Mkopo wa Benki ya Dunia uliidhinishwa 2008, safari ya kwanza ya abiria ikaanza Mei 2016. Miaka minane. Sehemu ya muda huo ililiwa na fidia za waliopisha mradi na kuhamisha mabomba, nyaya na nguzo, mambo ambayo kila mradi wa barabara mjini hukutana nayo na bado kila mara huonekana kama yameshtukizwa.

Hata hivyo, ilipoanza ilikuwa raha. Safari ya Kimara hadi Posta, ambayo ilikuwa inaweza kumaliza saa mbili na zaidi, ilishuka chini ya saa moja. Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza Afrika Mashariki kuipata. Wageni walikuja kujifunza.

Tatizo ni kwamba awamu hiyo ilihitaji mabasi 305. Yalianza 140, kwa utaratibu ulioitwa wa mpito. Mpito huo haukuisha. Mengine 70 yalipokuja yalikwama bandarini kwa mzozo wa kodi, mwaka 2018, huku abiria wakisukumana Ubungo. Hata yalipotoka, jumla ilikuwa 210, na wakati huo ya kwanza yalikuwa yameshaanza kuchoka.

Karakana nayo ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Kila mkazi wa Dar anajua Jangwani ikinyesha inakuwaje. Maji yaliingia, mabasi yakalowa injini, huduma ikasitishwa si mara moja wala mbili. Sasa linajengwa daraja jipya eneo hilo chini ya mradi wa bonde la Msimbazi, nao kwa mkopo mwingine wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022. Yaani kosa la kuchagua kiwanja cha kuegesha mabasi linaendelea kulipiwa kwa mkopo wa pili.

Kuhusu tiketi, stori ni ndefu na haina haja ya kurudiwa yote. Kadi zilikuja, zikapotea, zikarudi tiketi za karatasi, ikarudi shida ya chenji. Mfumo wa nauli ukiwa unavuja, hakuna anayejua kwa uhakika ni abiria wangapi wamebebwa, na bila idadi hiyo hakuna benki itakayomkopesha mwendeshaji kwa masharti mazuri.

Kilichofuata kilikuwa suala la muda tu. Mapema Oktoba 2025 abiria wa njia ya Kimara, waliochoka kusimama vituoni saa nzima na zaidi, walipandwa hasira na baadhi wakayapiga mawe mabasi. Viongozi wa juu wa DART na wa UDART, kampuni inayotoa huduma, waliondolewa. Mabasi mapya yaliyokuwa yamenunuliwa na kampuni binafsi ya Mofat kwa ajili ya Mbagala yakagawanywa, mengine yakapelekwa kuokoa jahazi Kimara.

Hiyo hatua ya mwisho ndiyo ya kuitazama vizuri. Njia mbili zenye zaidi ya kilomita 40 za zege, zilizogharimu mikopo ya benki mbili kubwa, zilikuwa zinagombania mabasi yaleyale.

Na kumbuka kwamba abiria wa barabara ya Morogoro hana pa kukimbilia kama zamani. Mwendokasi ilipoanza, daladala nyingi ziliondolewa kwenye njia hiyo. Serikali ikiondoa usafiri wa zamani inakuwa imetoa ahadi, hata kama hakuna mahali ilipoandikwa.

Bogotá walifanyaje

Mfumo wa Dar ulichorwa kwa kuangalia Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ambako TransMilenio ilianza Desemba 2000. Watu wengi hukumbuka picha za mabasi mekundu na vituo vya vioo. Kilichofanya mambo yaende, hata hivyo, kilikuwa mikataba.

Kule, fedha za kujenga njia zilitoka Serikali Kuu na kwenye tozo ya petroli ya jiji, ambayo nusu yake ilitengwa kwa ajili ya mradi huo. Kampuni za mabasi zilipatikana kwa zabuni wakati njia zinajengwa. Na muhimu zaidi, zililipwa kwa kilomita ambazo basi limetembea. Nauli iliingia kwenye chungu kimoja, kisha kila aliyetoa huduma akagawiwa kwa kazi aliyoifanya.

Tofauti yake na Dar unaiona saa saba mchana. Mwendeshaji anayelipwa kwa kilomita hana sababu ya kuficha basi gereji, kwa sababu basi lililosimama halimwingizii kitu. Anayelipwa kwa vichwa vya abiria atalificha.

Bogotá si peponi. Machi 2012 abiria wenye hasira kule pia waliharibu vituo kwa sababu ya msongamano. Lakini walikuwa wanalalamikia mfumo uliobeba watu wengi kupita kiasi, si njia iliyokaa bila basi.

Kulipa kwa kilomita kuna gharama yake, na hapo ndipo wanasiasa wanapokwepa macho. Nauli zikipungukiwa, lazima mtu afidie. Huyo mtu ni Serikali, kwa ruzuku. Hofu ya ruzuku inaeleweka, maana mashirika ya umma yaliyowahi kumeza fedha bila kutoa huduma yanakumbukwa bado. Ila ukweli ni kwamba ruzuku tayari ipo. Inalipwa na mama ntilie wa Mbagala anayefika sokoni Kariakoo amechelewa, bidhaa nzuri zimeshachukuliwa. Inalipwa na fundi anayekatwa mshahara wa nusu siku. Haipo tu kwenye vitabu vya bajeti.

Mkandarasi naye ana njaa

Upande wa ujenzi nako si kwamba kila kitu kinakwenda sawa. Miradi yenye mkopo wa nje angalau hulipa. Kwa barabara zinazojengwa kwa fedha za ndani, ugonjwa mkubwa ni malipo kuchelewa. Mkandarasi anamaliza kipande, anawasilisha hati ya madai, anasubiri. Mitambo inasimama, vibarua wanaondoka, na riba ya ucheleweshaji inaanza kuhesabiwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelitaja jambo hili mwaka baada ya mwaka: mlipakodi analipa riba kwa kazi ambayo thamani yake haijaongezeka hata tofali moja.

Wazawa ndio huumia zaidi. Kampuni kubwa ya kigeni ina benki nyuma yake. Mkandarasi wa hapa ameweka nyumba rehani.

Novemba 2024 ilijaribiwa dawa mpya. Benki ya CRDB ilitoa hati fungani ya miundombinu, iliyopewa jina la Samia, kwa ajili ya kuwalipa kwa wakati wakandarasi wa miradi ya TARURA. Mtu wa kawaida aliweza kuingia kwa Sh500,000, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Lengo lilikuwa kukusanya Sh150 bilioni. Zikapatikana zaidi ya Sh323 bilioni.

Hapo kuna habari njema ambayo haijasemwa vya kutosha: Watanzania wana fedha, na wako tayari kuziweka kwenye barabara wakiona wanarudishiwa. Wimbo wa kwamba bila mfadhili wa nje hakuna kinachowezekana umepata jibu la maandishi.

Ila hati fungani hailipi barabara. Inawahisha tu malipo. Mwisho wa siku Serikali lazima imlipe aliyemlipa mkandarasi, pamoja na riba. Kama bajeti ya TARURA, yenye mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, haitoki kwa wakati, foleni ya madai itakuwa imehama tu kutoka ofisi ya mkandarasi kwenda benki.

Kenya wako hatua moja mbele kwenye njia hiyo, na wanastahili kutazamwa kwa makini. Julai 2024 walipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka Sh18 hadi Sh25 za Kenya kwa lita. Kisha Sh7 ya kila lita ikawekwa dhamana ili zipatikane fedha za kulipa madeni ya wakandarasi yaliyofikia takriban Sh175 bilioni. Wakandarasi walirudi kazini, jambo jema. Lakini tozo ya matengenezo ya kesho sasa inalipa ujenzi wa jana, na barabara zitakazochimbika kesho zitatafutiwa fedha kwingine.

Tanzania nayo iliongeza Sh100 kwa lita mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA. Ni fedha inayokwenda moja kwa moja kwenye Mfuko wa Barabara na mwenye bodaboda anaichangia kila anapojaza tenki. Kishawishi cha kuiweka rehani kitakuja. Bora mjadala uanze kabla.

Nini kibadilike

Jambo la kwanza ni rahisi kulisema na gumu kulitekeleza: zabuni ya mabasi itangazwe pamoja na zabuni ya barabara. Si baada ya uzinduzi wa kituo, si zege likikauka. Basi linachukua miezi mingi kuagizwa, kuundwa na kusafirishwa, achilia mbali mazungumzo ya mkopo. Barabara inajengwa kwa miaka mitatu au minne, kwa hiyo muda wa kumtafuta mwendeshaji upo, tena wa kutosha. Wakopeshaji wenyewe wana nguvu hapa. AfDB na Benki ya Dunia zinaweza kukataa kutoa awamu ya mwisho ya fedha za zege mpaka mkataba wa mabasi uwe umesainiwa. Mbagala isingekaa miaka miwili.

La pili ni kodi na bandari. Basi la umma lililonunuliwa kwa ajili ya njia ya umma lisikae bandarini kwa sababu taasisi mbili za Serikali hazijaelewana nani alipe nini. Msamaha au tozo, liamuliwe kwenye mkataba kabla meli haijang'oa nanga.

La tatu ni uwazi wa namba. DART ikiweka hadharani kila wiki mabasi mangapi yametoka karakana, mangapi yameharibika na abiria wangapi wamebebwa, hakuna atakayesubiri mawe yarushwe ndipo ajue Kimara kuna shida. Simu ambayo abiria anasomea habari hizi ingetosha kabisa kumwonyesha basi lake liko Mbezi au bado halijatoka gereji.

Kuhusu ushiriki wa kampuni binafsi za ndani, kuingia kwa Mofat ni mwanzo mzuri, kwa sababu kwa miaka mingi kauli ilikuwa kwamba wenye daladala na wafanyabiashara wa hapa hawana uwezo. Mabasi yao yanatumia gesi asilia, ambayo ni ya nyumbani na haitegemei dola kama dizeli. Lakini kampuni hiyo na nyingine zitakazokuja zitakutana na hesabu ileile ya basi linalorudi tupu. Uzalendo haujazi tenki. Mkataba ukiwa wa kugawana nauli bila kiwango cha chini cha malipo, baada ya miaka mitano kutakuwa na mabasi mengine chakavu na lawama nyingine.

Kisha kuna hatari ambazo hakuna aliyezipangia. Vurugu za Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, ziliacha vituo kadhaa vya mwendokasi vikiwa vimechomwa na kuharibiwa, wiki chache tu baada ya mabasi ya Mbagala kuanza. Mvua za Msimbazi hazijaacha kunyesha. Mradi usio na akiba ya matengenezo hutegemea bajeti ya dharura, na dharura Tanzania ina foleni ndefu.

Jiji lenyewe halisubiri. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 5.38, na nyumba mpya zinajengwa Chanika, Kongowe na Kibamba, mbali zaidi na zinapoishia njia za zege. Huko watu wanahitaji mabasi mlisho ya kuwafikisha kwenye kituo kikubwa, na hayo nayo hayakununuliwa na mkopo wowote wa barabara.

Awamu ya tatu, barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto, ujenzi wake umefika mbali. Ya nne inaelekea Tegeta. Zote mbili ziko chini ya mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa Machi 2017. Mkazi wa Gongo la Mboto anayepita Tazara kila asubuhi ameanza kuona vituo vikisimama katikati ya barabara, kama mwenzake wa Mbagala alivyoviona. Swali lake kwa DART na kwa wabunge wa jiji linaweza kuwa fupi: mabasi mangapi, yananunuliwa na nani, na mkataba wake unasema yafike tarehe ngapi?